Betri ya Mzee Subiri

Betri ya kwanza ilipokufa hakuna aliyeshtuka, kwa kuwa ilikuwa imezeeka sambamba na gari lenyewe. Iliyoleta maneno nyumbani ni ya pili, iliyonunuliwa mpya, na kadi yake ya dhamana ya mwaka mzima bado inanukia duka. Gari lilirudi vizuri, likaegeshwa uani kando ya karo la kufulia. Kesho yake ufunguo ulipogeuzwa, lilikohoa kidogo na kunyamaza.

"Nimeuziwa kopo," alisema mwenye gari, na binti yake akapata unafuu kumsikia akisema hivyo.

Alikuwa na sababu. Baba yake alikuwa dereva mstaafu wa malori, mtu aliyetembea barabara mbovu nusu ya maisha yake bila kumkwaruza hata mbuzi. Lakini hivi karibuni, akitoka sokoni, aliipita njia ya kwao, akaenda kusimama mbele ya yadi ya zamani ya malori na kumpigia honi mlinzi amfungulie lango. Habari zilimfikia kaka mkubwa, anayeishi mji mwingine, naye akapiga simu na kusema mzee anyang'anywe ufunguo kabla hajamgonga mtoto wa watu. Akaongeza kwamba hata hizo betri zinazokufa ovyo, haamini kama kosa ni la gari.

"Ni gari," dada yake alijibu. "Mimi ndiye fundi. Niachie, nitakuonyesha."

Kweli alikuwa fundi. Alisomea umeme wa magari chuoni, na gereji aliyofanyia kazi walimwita Daktari, kwanza kwa kejeli, baadaye kwa mazoea. Alilivuta gari la baba yake hadi gereji na kulikagua kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia. Aliichaji betri ikajaa. Alipima umeme unaoibwa gari likiwa limezimwa na kufungwa: ulikuwa kidogo tu, wa kuilisha saa na redio. Alichomoa fyuzi moja baada ya nyingine akitazama mshale wa kipimo; mshale haukujali. Jenereta ilichaji ipasavyo. Gari likalala gereji siku kadhaa, na kila asubuhi liliwaka kwa mguso mmoja. Likarudi nyumbani, likafa tena.

Basi akaibeba betri kuipeleka dukani. Muuzaji, mtu mnene mwenye maneno mengi, aliiunganisha kwenye mashine yake, akaikamua, akaichaji, akaikamua tena, kisha akavua miwani.

"Dada yangu, hii ni nzima kuliko mimi. Ikilala gereji kwako inaamka, ikilala kwenu inakufa. Angekuwa mgonjwa wangu ningesema amhame mkwe wake."

Binti hakucheka. Alimweleza, kwa sauti ya chini isiyotetereka, kwamba mashine za dukani hupima betri ya moto na haziwezi kuona sahani iliyopasuka ndani, ambayo hukatika ikipoa. Jambo hilo hutokea, ingawa mara chache, na yeye mwenyewe alijua kwamba halikutokea hapa. Alilisema hata hivyo, na kulirudia, mpaka muuzaji akainua mikono.

"Sawa, Daktari. Nakupa nyingine kwa dhamana, kwa heshima ya mzee. Enzi zake alinibebea mizigo, na wala hakunipotezea hata katoni."

Binti alifika nyumbani mchana, saa ambayo siku zote huwa kazini. Akaifunga betri mpya, akavipaka grisi vichwa vyake, akamwita baba yake ajaribu. Gari liliwaka papo hapo. Mzee akalizima, akaipigapiga bodi kama mtu anayempongeza farasi.

"Nilikwambia, mwanangu. Lilikuwa kopo."

"Ulisema, baba."

Akaingia ndani kuoga, moyo mwepesi, akipanga jinsi atakavyomsimulia kaka yake. Alipofungua dirisha la chumba chake, linalotazama uani, alimwona baba yake amerudi kwenye kiti cha dereva.

Inafaa kueleza hapa jina la mzee lilikotoka. Lori lake la dizeli halikukubali kuwashwa ghafla asubuhi ya baridi. Ufunguo uligeuzwa nusu, taa ndogo ya rangi ya machungwa ikawaka, na dereva akangoja plagi zilizomo ndani ya injini zishike moto mpaka taa izime yenyewe. Madereva wenzake walipomharakisha, jibu lake lilikuwa neno moja, subiri, na jina likamganda. Taa ikiwaka alishuka, akanawa uso kwa maji ya dumu, akamwamsha utingo wake aliyelala juu ya mzigo. Akirudi, taa imezima, safari imeiva.

Gari hili dogo ni la petroli. Halina taa hiyo, wala halihitaji kungojwa.

Mzee aligeuza ufunguo nusu. Akashuka taratibu, akaenda kwenye karo, akafungua bomba, akanawa uso. Kisha akazunguka nyuma ya gari, akagonga bodi kwa vidole.

"Amka, mdogo wangu. Kumekucha."

Utingo yule alikufa barabarani zamani, binti akiwa bado shule ya msingi. Ilikuwa mara ya pekee kumwona baba yake akilia. Mzee alisimama kidogo akisikiliza. Halafu akatazama mikono yake iliyolowa, kama hajui imelowaje, akaifuta kwenye suruali na kuingia ndani kulala.

Ufunguo ulibaki umegeuzwa. Binti angeweza kutoka na kuuchomoa; ni hatua chache tu. Hakutoka. Alikaa kitandani akitazama taa nyekundu za dashibodi kupitia kioo, akimpa baba yake nafasi ya kukumbuka. Kivuli cha ukuta kikalifunika karo, kikalifikia gari. Kutoka chumba cha pili ulisikika mkoromo.

Jua lilipozama mama yake alitoka kufunga geti. Alipita kwenye gari bila kusita, akafungua mlango, akachomoa ufunguo, kama mtu anayeepua sufuria jikoni kila siku. Alipogeuka wakatazamana.

"Mama. Tangu lini?"

Mama aliufumbata ufunguo kiganjani. "Tangu msimu wa mvua." Akaongeza, "Nilidhani wakikupa betri nyingine, kaka yako angetuacha tupumue."

Ndani, mzee alikuwa ameamka na anauliza kama chai ipo.

Kesho yake binti alirudisha betri ya dhamana na kuomba ile ya awali. Muuzaji alimkodolea macho; hajawahi kuona mteja anayerudisha ushindi. Akauliza tatizo lilikuwa nini hasa.

"Swichi inaachwa wazi," alijibu, na muuzaji hakuuliza na nani.

Gari likaegeshwa gereji, chini ya turubai. Kaka akapigiwa simu, akaambiwa alikuwa na haki. Akauliza tu kama mzee anakula.

Anakula. Jioni hutoka uani, hutazama mahali penye doa la oili, kisha humtafuta binti yake.

"Gari liko wapi?"

"Kwa fundi, baba."

"Fundi gani?"

"Mzuri tu. Namfahamu."

Mzee hutikisa kichwa, asiridhike.

"Mwambie asiguse betri. Ile betri ni nzima."

"Nitamwambia," hujibu, akimwekea kiti kando ya karo.