Plus ya Tata Tshilombo

Mi sikumufukuza Tata Tshilombo. Lakini kiti yake nilikalia ingali moto, na mpaka leo inaniuma.

Miaka kumi na minane yee njo alichunga nyumba ya taa ya mugodi wetu, kwenye tunajaza batri za taa za bachimbaji, hapa Kolwezi. Alizaliwa Kapata, mutaa wa hapa, baba yake njo alitoka Kasai. Mu 1993 batu bakasema Bakasai bote barudie kwabo. Kwabo wapi, mutu alizaliwa hapa! Akapeleka bibi yake Ngalula, mimba ya miezi munane, ku gare. Bakalala chini siku tisa, bakingojea treni.

Siku ya nane bakamufukuza kazi, na kesho yake mi, Stany, nikatolewa ku locomotive, treni ndogo ya batri ya mugodi, nikapewa kazi yake. Chef wetu Séraphin alikuwa amekataza mi na Tata Tshilombo tusemezane, hata kunionyesha kazi.

Ukutani kulikuwa kipimo cha courant, ni kusema umeme, na mushale yake: zéro katikati, plus (+) huku, moins (−) kule. Kwetu ku locomotive, plus ni courant yenye kutoka mu batri. Moins, batri inajaa. Siku ya kwanza nikakuta mushale ku moins, na dinamo ya kujaza batri, yenye kuzungushwa na mota ya courant ya muji, inazunguka na kelele yake ileile. Nikasema: bizuri, taa zinajaa. Kuuliza? Wapi! Kiburi kilinijaa mpaka hapa.

Siku ileile, saa nane ya mchana, Tata Tshilombo akaingia anahema, shati imepasuka. Bale vijana ba barrière, benye kufungia Bakasai njia, balimupiga.

"Tata, unafanya nini huku? Na treni yenu?"

"Imefika. Stany, mushale iko wapi?"

"Ku moins. Batri zinajaa."

"Mama yangu! Ku gare, mashini ya kusaga imenyamaza tangu asubui. Courant ya muji imekatika. Sasa dinamo yako inazungushwa na nini?"

Nikageukia dinamo. Mchana hatukuwasha ampoule, ile balbu ya mu nyumba, sikujua kama courant haiko. Kumbe batri zenyewe njo zilikuwa zinasukuma dinamo, zinakwisha.

"Mi napima kwa upande wa batri," akasema, akikata swichi. "Yenye kuingia, plus. Yenye kutoka, moins. Nilijua weye utasoma kinyume."

Nikawasha taa moja. Ikawa nyekundu, ikafa. Inje, bachimbaji makumi sita balikuwa banapanga mustari kushuka chini ya udongo na zile taa.

Halafu kule ku gare treni ikapiga filimbi ya kuondoka. Ku gare ni saa nzima kwa miguu. Tata Tshilombo akakaa chini.

"Ngalula iko ndani. Nilimwambia narudi sasa hivi."

Akalia mbele yangu, mutu muzima vile. Nikamwambia pole. Pole! Hata kumusindikiza mpaka ku barrière sikumusindikiza. Niliogopa kuonekana naye. Akafuata rails za treni kwa miguu, upande wa Lubudi, kule treni ilielekea.

Chef Séraphin akakuja, akakuta batu nimebazuia kushuka. Akauliza nani aliona batri zinakwisha.

"Ni mi," nikajibu. Akanipa mukono wa pongezi.