Dada Alipiga Mlango Badala ya Breki

Niseme mapema, wenye kununa wanune sasa hivi: watu wanaosimama jukwaani na maiki ya shavuni kuwaambia wenzao "fumba macho, jione umeshafika" wananiudhi. Si kwamba kufumba macho na kujiona ni upuuzi. Kunasaidia, nimeshuhudia. Kinachoniudhi ni mtu kukufundisha nusu ya kitu, halafu ukianguka anakwambia kosa ni la moyo wako.

Dada yangu ni matroni wa basi la shule. Anapandisha watoto, anawafunga mikanda, anawafuta kamasi, anaamua kesi za nani kakalia begi la nani. Dereva wake ni mzee mmoja tunamwita Gia Tatu, kwa sababu hakuna binadamu aliyewahi kumwona akiingiza ya nne. Mzee anastaafu muhula huu ukiisha. Mwenye shule akamwambia dada: ukipata leseni ya basi kabla hatujafunga, usukani ni wako. Usipopata, natafuta dereva wa nje.

Kwenda mbele dada anajua. Kilichomshinda ni rivasi. Kwenye mtihani unarudisha basi katikati ya koni na kusimama kwenye mstari. Mara ya kwanza alifeli. Ndipo shoga yake akamburuta kwa mmoja wa hao wa jukwaani, anajiita Kocha.

Kocha huyo hata baiskeli sijui kama anaweza kuigeuza. Akauambia ukumbi mzima: "Usiwaze gia! Usiwaze koni! Ona leseni mkononi, sikia makofi!" Dada akarudi na picha ya basi, akaibandika ukutani juu ya kitanda. Kila jioni anafumba macho na kutabasamu peke yake. Mama akipita anauliza, "Huyu kaposwa au anaumwa?"

Mara ya pili nilikuwepo, nimesimama nje ya uzio. Basi likarudi vizuri, taratibu, mpaka karibu na mstari. Halafu nikaona mkono wa dada unatoka dirishani na kupiga mlango. Paa! Basi halikusimama. Litasimamaje? Likaendelea kurudi, likapanda juu ya koni.

Gari likirudi rivasi, kazi ya matroni ni kusimama nyuma, kuangalia nafasi, na kupiga bodi ili dereva afunge breki. Dada amelisimamisha basi hivyo tangu aanze kazi. Mkono ukafanya ulichozoea, mguu ukasubiri mtu mwingine akanyage. Wenzake waliokuwa wakingoja zamu walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

"Pole, dada."

"Usiniongeleshe."

Akampigia Kocha, spika imewashwa, mimi nipo pembeni. "Dada yangu," jamaa akasema kwa ile sauti ya asali, "ulienda na shaka. Shaka ndiyo iliyogonga koni. Hukuona kwa imani ya kutosha. Karibu darasa la pili."

Shaka! Nilitaka niingie kwenye ile simu nitokee kwake. Mtu kafanya kila ulichomwambia, kafumba macho mpaka kope zimechoka, leo analia bafuni akidhani kichwa chake ni kibovu, na wewe unamkaribisha darasa la pili?

Aliyemsaidia ni Gia Tatu. Mchana mmoja walikuwa ndani ya basi wakisubiri watoto watoke, dada akamweleza yote. Mzee akamwambia, "Hebu fumba macho, mwanangu. Rudisha hilo basi lako. Unaona nini?"

"Naona taa nyekundu. Bampa. Ile namba iliyopinda."

"Taa za nyuma?"

"Ndiyo."

"We umekaa wapi?"

Dada akafikiri. "Sijakaa. Nimesimama nyuma ya basi."

"Na kwenye usukani yuko nani?"

Akafumbua macho, akamtazama. "Wewe, mzee."

"Nishushe basi, mama! Mimi nastaafu."

Walicheka, lakini mimi nilipohadithiwa sikucheka. Jioni zote zile, leseni mkononi, makofi masikioni, na basi linaendeshwa na mtu mwingine! Kocha angemuuliza swali moja tu, umekaa wapi, angelijua. Hakuuliza. Yeye anauza makofi.

Dada akabandua ile picha. Akaweka kiti cha plastiki katikati ya chumba, kandambili chini ya mguu wa kulia ndiyo breki. Akifumba macho, anatazama kioo cha kushoto, kioo cha kulia, anaona koni inavyoteleza ndani ya kioo, anakanyaga. Alijikosesha makusudi pia: koni imepotea, basi limekwenda upande, injini imezima. Sasa fanya nini? Anasimama, anasogea mbele, ananyoosha. Mkono ukinyanyuka kutafuta mlango, anaanza upya. Na watoto wakiwa darasani, Gia Tatu anampa usukani wa kweli uwanjani.

"Dereva," mama akamwambia siku moja, ufagio mkononi, "sogeza gari nifagie." Akasogeza. Kwa rivasi.

Mtihani wa tatu nilishikilia uzio kama ndio unaonishikilia mimi. Basi likarudi. Mkono ukabaki ndani. Likasimama juu ya mstari, kimya, kama limezaliwa pale. Mkaguzi akazunguka, akatazama koni, akasema, "Umepita. Shuka, mwingine apande." Makofi hayakuwepo.

Jioni hiyo dada akaandika kwenye kundi la mtandaoni la wanafunzi wa Kocha, kwa nia njema kabisa: "Jamani, nimepita. Msijione mkipigiwa makofi. Kaeni kwenye kiti chenu, jioneni mkiifanya kazi yenyewe, na jioneni mkikosea na kurekebisha." Kocha akaufuta ujumbe. Kisha akamtoa kwenye kundi.

"Tumjibu," nikamwambia.

"Niache nilale, nina watoto wa kupeleka asubuhi."

Sawa, alale. Lakini lile kundi limejaa watu wanaofumba macho kila jioni, wakifeli wanaambiwa ni shaka, na ule ujumbe hawakuuwahi. Ndiyo maana nimeuweka hapa, ambapo Kocha hawezi kuufuta.