Ubongo Kabla ya Arobaini

Fowsiya alikuwa amebakisha siku tano atimize arobaini ya uzazi, na chuo kikachagua siku hizo kuwaonyesha wanafunzi wa saikolojia ubongo wa mtu. Asiyehudhuria angerudia mwaka.

"Mama mzazi haendi penye maiti," alisema mkwewe, Hadiyo, akimfunga mtoto mkononi kikamba cha manemane cha kumkinga.

"Si maiti, hooyo, mama yangu. Ni ubongo tu, uko kwenye ndoo."

"Kichwa cha mtu ni mtu! Utoke huko, umnyonyeshe mjukuu wangu, kitu kimpate. Utaniambia nini?"

Fowsiya alimwachia mtoto. Alitoka, na njia nzima hakuacha kujiuliza swali lile.

Mlangoni mwa maabara alirudi nyuma hatua mbili. Harufu ya dawa ilichoma pua.

"Abaayo, dada yangu," mwenzake Abdilatif alimtania, "umezaa juzi, leo unakimbia ndoo?"

Wengine wakacheka. Fowsiya aliona jinsi Abdilatif mwenyewe alivyoficha mikono mifukoni.

Mwalimu Maryan alivaa glavu, akautoa ubongo. Ulikuwa mdogo, umejikunja, rangi ya uji wa mtama. Ulishapasuliwa katikati. Akagusa kitu kidogo ndani, kama kokwa ya tende.

"Hofu hupitia hapa. Mtu atakuja kwako anatetemeka, ameshaambiwa ana jini, au anajifanya. Kumbuka ulichokiona leo kwa macho yako. Ni nyama, na inaumia kama mguu unavyoumia."

Fowsiya alimkumbuka kaka yake Khalif kule Hulugho, aliyefungwa kamba mwaka mzima kwa kupiga mayowe. Papo hapo maziwa yakamtoka, yakalowesha dera lake. Mtoto analia, aliwaza, na mimi niko hapa.

Kweli, alipofika nyumbani alimkuta analia, sauti imekauka. Hadiyo hakumpa. Alimwonyesha beseni la maji ya manemane. Fowsiya akaoga, akabadili nguo zote, kilio kikimchoma.

"Uliona nini huko?"

"Nimeona hofu inakopita. Hata wewe unayo, hooyo, kama kokwa ya tende."

Hadiyo alimpangusa mtoto machozi. "Na Khalif?"

"Ya Khalif imeumia. Si jini."

Mama mkwe akamkabidhi mtoto. Mtoto akalishika ziwa, akanyonya. Wote wawili waliinama kukitazama kile kifua kidogo kikipanda na kushuka, na hakuna aliyethubutu kuangalia pembeni.