Mdudu wa Kuni Alinivua Nguo Ukweni

Chekeni tu, maana hata mimi nikikumbuka nafunika uso na mto. Mimi, mtu mzima na ndevu zangu, nilibaki na chupi mbele ya mama mkwe siku ya ntheo, wazee wote wakitazama.

Kwa wale hamjui, ntheo ni ile siku unapeleka mbuzi kwa kina msichana, na kwetu Ukambani kama hao mbuzi hawajapokelewa huna mke, hata mkiwa na watoto wanne. Halafu kuna nthoni, heshima ya ukwe: mama yake humpi mkono, humwangalii usoni, mkikutana njiani unaingia kichakani apite. Baba alinihubiria hayo kutoka kwetu Ekalakala mpaka kwa kina Ndinda, msichana wangu.

Basi tukafika, mbuzi wakafungwa, wazee wakaanza mazungumzo yao, na shangazi yake Ndinda akapita, akaangalia viatu vyangu, akasema, "Huyu wa Mlolongo hata shoka hawezi kushika."

Wueh! Si ningenyamaza tu! Lakini mimi na kiburi changu (nauza simu huko mjini Mlolongo, kazi yangu nzito ni kufungua mlango wa duka) nikachukua shoka nikaendea gogo kavu la mgunga nyuma ya jiko, limejaa mashimo na unga wa mbao, nikaona hili limeshaoza, ni rahisi. Nikapiga, likapasuka, kitu kikaniangukia shingoni kikaingia ndani ya shati. Dudu jeusi, nene kama kidole gumba, pembe ndefu kushinda mwili wake (hayo niliyaona baadaye), na linalia! Linalia ki-ki-ki likishuka mgongoni! Nikararua shati, vifungo vikaruka, nikafungua mshipi nikipiga mayowe, "Asi! Asi! Linaniuma!" (Halikuuma hata kidogo, ni miguu tu ilikuwa inakwaruza.)

Hapo ndipo mama mkwe akatoka jikoni, nami nikakumbuka nthoni: akitokea, mpishe! Nikakimbia, suruali iko magotini, nikajikwaa kwa kamba ya mbuzi, nikaanguka kifudifudi katikati ya wazee.

Mjomba wake Ndinda akasimama. "Hii ni aibu. Hao mbuzi wafunguliwe, warudi kwao."

Nikasikia Ndinda analia pale mlangoni. Nikajua nimempoteza, na hata nguvu ya kuvuta suruali sikuwa nayo.

Halafu nikasikia mkono mgongoni, baridi, bado una maji. Mama mkwe alikuwa amepiga magoti. Akalishika lile dudu kwa pembe, akalitupa, akafungua leso kiunoni mwake akanifunika.

"Mama Ndinda!" mjomba akashtuka. "Na nthoni?"

"Nthoni nitairudia nikimaliza," akasema. "Mtoto analia, nimwache chini? Hao mbuzi hawaendi popote." Kisha akanishika kichwa. "Nyamaza, mwana wakwa, nyamaza mwanangu."

Jameni, mama yangu alifariki nikiwa mdogo sana. Nililia chini ya ile leso, na si kwa sababu ya dudu.

Mbuzi walipokelewa. Mimi nimeapa, shoka ukweni sigusi tena, shangazi aseme mpaka achoke. Naye mama mkwe kweli aliirudia nthoni yake: hanipi mkono, anapita mbali, mimi naangalia chini. Lakini kila tukienda, namsikia kule jikoni akimuuliza Ndinda, kwa sauti ya kunifikia, "Mtoto wangu amekula?"