Gari Lililoumwa Jino

Juzi taa ya fowili, ile ya kuvutia magurudumu yote manne, ilipoanza kumemeta kwenye gari langu kuukuu, hapa hapa uani, nilizima redio na kuwaambia wanangu wanyamaze. Walinishangaa. Mimi kimawazo nilikuwa nimeshafika kijijini Ole, utotoni, kwa shangazi yangu Bi Raya.

Alasiri moja, nikiwa naye, gari lake lilikwama kwenye kilima kilicholowa mvua, limejaa karafuu mbichi. Zikilala ndani ya magunia zinachacha, na jasho la wachumaji wote linapotea. Shangazi alibonyeza swichi ya fowili, lakini taa ilimemeta tu na magurudumu ya mbele hayakuvuta. Nyuma wachumaji walikuwa wakibishana.

“Hebu nyamazeni, jamaani, nisikie!”

Akajifunga buibui kiunoni, akalala matopeni chini ya gari, akamwambia mchumaji mmoja abonyeze tena. Kimota cha mbele, kinachoyaunga magurudumu ya mbele yavute, hakikulia. Akaufuata waya wake kwa vidole mpaka kwenye plagi, akaichomoa. Ndani mlikuwa na kutu ya kijani. Akanyoosha mkono, akaokota konyo kavu, kile kijiti cha karafuu, sakafuni mwa gari, akaikwangua taratibu.

Nilijua karafuu ni dawa ya jino, maana Bibi alishanitia jinoni.

“Shangazi, gari linaumwa jino?”

Hakucheka. “Naam, mwanangu. La mbele.”

Alipoirudisha plagi, kimota kikanguruma kidogo, taa ikatulia, tukapanda kilima na harufu ya karafuu imetujaa puani.

Leo najua kilichoponya ni kukwangua tu. Hata hivyo, juzi nilipokwisha kulisikiliza gari langu, niliingia jikoni kutafuta karafuu.