Mwanamke wa Kwenye Bango Kavaa Sare ya Kwaya

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Pini kwa sababu muda wote ana pini mdomoni. Ukimkuta nazo uko salama, maana hawezi kuongea. Akianza kuzitoa moja moja na kuzichomeka begani, jipange.

Ana utaratibu wake, hauvunji hata umlilie. Sketi haipindwi mpaka mwenyewe aje aivae, apande kwenye stuli pale nje mlangoni penye mwanga, ageuke taratibu huku shangazi anamzunguka na chaki. Ndani kuna giza, na yeye hashoni kwa kubahatisha.

Sasa ng'ambo ya barabara kuna baa. Mwenye baa akatundika bango jipya, kubwa kama mlango wa gereji. Mwanamke kasimama, mguu mmoja mbele, sketi kaishikilia juu ya goti, anakonyeza. Chini yake wameandika: MWAMBIE MKEO UKO KAZINI.

Wamama wakachukia, na kwa haki kabisa. Yaani watoto wanaokwenda shule walikuwa wanalisoma kwa sauti. Ila shangazi alipoliangalia vizuri ndo akachemka. Ile kola nyeupe yenye vifungo pembeni, ya kwake. Sketi ya zambarau, ya kwake. Ni sare za kwaya anazoshona sasa hivi! Na ule mkao ni wa mwalimu wa kwaya, siku ile kapanda stuli akainua sketi kidogo asikanyage pindo. Mchoraji wa mabango hachori kitu asichokiona, na siku hiyo alikuwa amekaa baa. Goti na kukonyeza ndo kaongeza mwenyewe.

Mwalimu wa kwaya akaja kavimba kwa hasira.

"Pini, mume wangu anaulizwa eti nimeanza lini kazi ya baa. Hizi sare hatuvai. Tunatafuta fundi mwingine."

"Kwani mwalimu, mimi ndo nimekuchora?"

"Wewe ndo umenipandisha stuli barabarani."

Hapo shangazi aliumia. Sare za kwaya nzima zimeshaunganishwa, bado kupindwa tu, halafu jina lake la miaka yote liharibike kwa sababu ya mlevi mmoja na brashi yake. Akavuka barabara.

Mwenye baa wala hakuacha kufuta glasi. "Dada, bango linaniletea wateja. Kama linakukera, geuza cherehani iangalie ukutani."

Akarudi, akampigia mwalimu simu. "Kesho jioni niletee kwaya yote, wavae sare, niwapime pindo. Nikimaliza bado hamzitaki, nazifumua mwenyewe."

Kesho yake, saa ya watu kutoka kazini, kwaya nzima imejipanga mlangoni kwa shangazi, zambarau tupu, macho yote yanaangalia baa. Wa kwanza juu ya stuli alikuwa bibi mmoja mnene. Mara akatokea mkwe wake, mguu mmoja uko kwenye kizingiti cha baa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Unatoka kazini?"

"Ndiyo mama."

"Au ndo unaingia?"

Kwaya ikacheka. Jamaa akajifanya anafunga kamba ya kiatu, akaendelea na safari ya nyumbani. Aliyemfuata akamkuta mama yake mzazi. Mwingine, mkewe. Shangazi naye sijawahi kumwona anapima polepole vile, pindo moja anarudia mpaka unasinzia.

Giza linaingia, viti vya baa vitupu, mwenye baa akatoka. "Pini, wamebaki wangapi?"

Shangazi akazitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka begani. "Leo pindo tu. Kesho mikono. Kesho kutwa viuno. Na vyote napimia hapa nje, si unajua ndani kwangu kuna giza."

Asubuhi mchoraji alikuwa juu ya ngazi na kopo la rangi nyeupe. Alivyo mvivu, kapaka kila kitu kasoro kiatu kimoja. Kuomba radhi hakuna aliyeomba, si yeye wala mwenye baa. Kwaya wanavaa sare zao, wamependeza. Shangazi akitoa stuli nje anakiangalia kile kiatu, anasonya, pini zote mdomoni.