Waya Uliolala Karibu na Bati

Fundi wa majokofu aliyeitwa Chapuchapu hakujua kutulia. Hata chai aliinywa amesimama. Ila kila Jumapili saa nne asubuhi alijilazimisha kuketi mbele ya redio yake ya mawasiliano, azungumze na dada yake, mtunza kituo cha hali ya hewa kisiwani, ambako simu hazishiki.

Jumapili iliyopita waligombana. Dada alitaka mama yao ahamie kwake. Chapuchapu akamtolea maneno makali, akazima redio. Wiki nzima usingizi ulimpaa.

Leo sauti ilikuja safi. "Kaka, upo?"

"Nipo! Nisamehe, dada."

"Kaka? Haya, kama bado umenuna, sawa. Nakusubiri nusu saa, halafu nazima."

Anamsikia, ila yeye hasikiki! Akapandisha nguvu hadi wati mia, akaita tena kwa kelele. Redio ikapata moto, ikajipunguza yenyewe. Akatazama kipimo: zaidi ya nusu ya nguvu aliyotuma ilikuwa ikimrudia. Hapo ndipo alipojishika kichwa. Juzi upepo ulipoangusha mlingoti, aliufunga waya wa antena bora liende, shubiri moja tu juu ya bati la paa. Bati limebadili ukinzani wa antena, hailingani tena na redio, na nguvu nyingi inaishia kuchemsha kebo bure.

"Sasa unamfokea nani, na mwenzio hasikii?" mama aliuliza kutoka mlangoni.

Chapuchapu alikwisha kupanda paani. Akateleza, goti likachubuka. Akauinua waya kwa bomba refu la plastiki, akashuka kutazama kipimo: bado robo inarudi. Akapanda tena, akazivuta ncha zote mbili mbali na bati. Safari hii mshale wa kipimo ulitikisika kidogo tu.

"Dada! Unanipata?"

Akaachia kitufe, akatega sikio.

"Nakupata, kaka! Mkono ulikuwa tayari kwenye swichi."

"Sikununa, wallahi. Antena ndiyo iliyonigomea. Na yale maneno... nilikukosea."

"Na mimi nilikushupalia mno."

Mama akamnyang'anya kipaza sauti. "Mnanigombania kama kochi! Nani aliniuliza? Kuhama sihami. Nitakuja mwezi mmoja, nikikuchoka narudi."

Dada alicheka hadi akakohoa. Mama alipogeuka kuuliza redio inazimwaje, mwanawe hakuwepo; alikuwa uani, akichimba shimo la mlingoti mpya.